Frii ya Baiskeli ya Ngwali

Bi Time alitoka eda siku ya Jumatatu. Jumanne asubuhi, jua halijawa kali, aliisukuma baiskeli ya marehemu mumewe kutoka Mdalasinini mpaka Konde, akaiegemeza kwenye nguzo ya kibanda cha fundi Hamdan, akavua ndara moja akakung'uta kijiwe. Hamdan alikuwa amekaa juu ya dumu, ananyoosha rimu ya mtu. Alimpisha dumu, yeye akenda kukaa juu ya tofali.

"Sabalkheri, Bi Time. Pole na mtihani."

"Nishapoa, mwanangu. Nimekuletea hii. Yateremka yenyewe."

"Breki zimekwisha?"

"Breki zimekwisha zamani. Lakini hii yateremka bila ya mtu."

Hamdan aliweka rimu chini amsikilize, kwa kuwa fundi mwenye pupa hutengeneza kisichoharibika. Bi Time akaeleza. Tangu siku ya tatu ya maziko, kila asubuhi watu wakishatoka msikitini, baiskeli ilikuwa ikiondoka barazani, inakata kona ya mshelisheli, inateremka mlima wote wa Mdalasinini frii ikilia tiki-tiki-tiki, mpaka bondeni kwenye kituo cha afya. Hapo inajiegemeza ukutani, kando ya mlango wa buluu, inakaa. Kupanda ikawa haiwezi. Yeye alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, hawezi kutoka kuifuata, ikabidi majirani waisukume kwa zamu. Na majirani wa Mdalasinini ni watu wema, lakini mlima ule ni mlima, na wema wa kila siku unachosha.

"Haijagonga mtu?" aliuliza Hamdan.

"Yapiga kengele."

Hamdan aliiinua nyuma, akalizungusha gurudumu, akasikiliza. Baiskeli aliijua vizuri kuliko alivyowajua baadhi ya wajomba zake. Ilikuwa ya resi, usukani wake umejikunja pembe za kondoo, ilikuja zamani ndani ya kontena la mitumba kutoka Ulaya. Ngwali aliinunua, akamwambia Hamdan ampigie keria ya vyuma vya nondo, pana, ya kukaliwa na mwanamke mzima, na juu yake Bi Time akashona mto wa kanga kuukuu. Kwa miaka ishirini na saba, mwanamke yeyote wa Mdalasinini aliyeshikwa na uchungu wakati gari hakuna, Ngwali alimpakia akampeleka hospitali ya Wete. Hakusomea uuguzi. Alikuwa mkulima wa muhogo mwenye baiskeli nzuri na roho ya kutosha.

Miaka sita iliyopita kijiji kilijengewa kituo cha afya. Kilizinduliwa kwa utepe na ngoma, na mgeni wa heshima akamshika Ngwali mkono mbele ya watu, akamwambia, "Sasa mzee utapumzika." Wageni walipoondoka mlango ulitiwa kufuli mpaka waje wauguzi, na wauguzi hawakuja. Ngwali alipumzika siku tisa. Siku ya kumi mke wa Nyange alishikwa na uchungu, na baiskeli ikatolewa barazani.

"Tatizo lako ni frii," alisema Hamdan mwishowe. "Frii ndiyo inayoliachia gurudumu lende bila ya miguu. Sasa mie nikiitoa nikafunga giya moja pale pale kwenye habu, kitovuni mwa gurudumu, gurudumu na pedeli vinakuwa kitu kimoja. Gurudumu likenda, pedeli nazo zitakwenda, zitake zisitake. Ikiwa marehemu hayupo, baiskeli itatulia. Ikiwa yupo, itambidi akanyage, na akikanyaga ataweza kuupanda mlima arudi mwenyewe."

Bi Time aliupapasa mto wa keria.

"Yupo," alisema. "Lakini fanya." Kisha akauliza, "Na Ruweida hajambo? Umebaki mwezi?"

"Wiki tatu, wamesema."

"Mungu atamnusuru."

"Amin."

Alipoondoka, Hamdan hakuanza kazi. Alikaa kwenye tofali lake na dumu li wazi. Ruweida alikuwa mwanawe wa pekee, na mumewe, Ashraf, yuko Unguja anajenga hoteli za watu. Ruweida mwenyewe alizaliwa saa moja baada ya mamake kuteremka kwenye keria ile. Miaka minne baadaye mamake, Safaa, alishikwa na uchungu wa pili, na siku hiyo Ngwali alikuwa kisiwani Fundo kwenye maziko ya ndugu yake, bahari imechafuka, hakuna mashua inayovuka. Gari ilikuja kupatikana alasiri. Safaa na mtoto walizikwa kaburi moja. Hamdan hakumlaumu mtu, lakini tangu hapo kila mwanamke mwenye mimba akipita mbele ya kibanda chake, yeye alikuwa akijikuta anahesabu miezi. Sasa anahesabu wiki za mwanawe mwenyewe, na alikuwa akiogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Kazi ilimchukua siku mbili. Frii ilikuwa imeng'ang'ana, kwa kuwa mwenyewe alikanyaga milima miaka ishirini na saba, na kila alipokanyaga alizidi kuikaza. Hamdan aliimwagia mafuta ya taa, akaiacha ilale, asubuhi akaibana kwenye jiliwa, akalishika gurudumu lote kwa mikono miwili na kulizungusha mithili ya mtu anayegeuza usukani wa lori. Iliachia kwa mlio mmoja. Aliisafisha kwa kitambaa, akaitia mfukoni.

Pahala pake alifunga giya moja ya meno kumi na nane. Lakini habu ile ilikatwa nyuzi za skurubu kwa ajili ya frii tu. Mtu akikanyaga kwa nyuma, giya ingelegea ikafunguka. Kwa hiyo aliipaka gundi ya chuma, akaifuatishia pete ya kukazia aliyoitoa kwenye baiskeli iliyokufa, akaikaza mpaka spana ikamwandika kiganjani. Kisha akahamisha washa, vile vipete vya ekseli, kutoka upande mmoja kwenda wa pili ili cheni iende sawasawa, akalegeza spoki za huku, akakaza za kule, robo mzunguko kila moja, bismillahi kila moja, rimu ikarudi katikati.

Ni wakati anakaza spoki ndipo lilipomjia suala la mazikoni. Siku ile, kama ada, Shehe Mwalim alisimama kando ya kaburi akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, ndugu zake wapo, watalipa. Alijitokeza mmoja aliyemwazima shoka. Alijitokeza mwengine aliyemwazima ngazi. Basi, wakasomewa dua, wakatawanyika. Hakuna aliyekumbuka kwamba madeni ya Ngwali yote yalikuwa kwa wanawake, na wanawake hawendi kaburini.

Hamdan alikuwepo pale, amesimama karibu na Shehe. Alijua kwamba wiki chache kabla ya kuugua, Ngwali alipopata habari ya mimba, alipita nyumbani kwa Hamdan, hapo hapo Mdalasinini, akamwambia Ruweida, "Siku yako ikifika mie ndiye nitakayekupeleka, kama nilivyompeleka mamako. Safari hino siendi Fundo." Ruweida alicheka, akamtilia chai. Hamdan alilisikia neno lile kwa masikio yake, na kaburini hakunyoosha mkono, kwa sababu alidhani dai ni shoka na ngazi. Na ahadi ni deni, mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo.

"Nimekukosea, Bwana Ngwali," aliiambia spoki. Akaendelea kukaza.

Alhamisi jioni aliipanda kuijaribu. Alipoondoka tu pedeli zilimchukua miguu, ndiyo tabia ya baiskeli isiyo na frii. Huipandi wewe, yenyewe ndiyo inayokupanda. Lakini hizi zilikuwa na zaidi. Mguu wa kulia ulikuwa ukisukumwa kwa nguvu, wa kushoto ukiguswa tu, kulia kwa nguvu, kushoto kwa kugusa. Ngwali alichomwa na samaki taa ujanani, mguu wake wa kushoto haukurudi sawa mpaka anaingia kaburini. Hamdan aliitambua miguu ile palepale.

"Masalkheri, Bwana Ngwali," alisema. Kilima cha kwanza alikipanda bila kutoka jasho.

Mdalasinini waliipokea baiskeli kwa furaha, kwanza kwa kuwa hawakuwa na kitu cha kusukuma tena. Ilitoka barazani kesho yake asubuhi, ikateremka kimya, bila tiki-tiki, pedeli zikizunguka moja baada ya nyengine, ikaegemea mlango wa buluu kiasi cha kumaliza kikombe cha chai, kisha ikapanda mlima ikarudi kwa mkewe. Watu wakaizoea. Wanaume waliisalimu njiani, na walioona haya kuisalimu baiskeli walisalimu Ngwali, ikawa jambo moja. Bi Time alianza kumwagia maji barazani asubuhi, kupoza vumbi, kama alivyokuwa akimfanyia. Usoni alinawiri. Shangazi zake walisema mwanamke katoka eda juzi tu, apunguze kuchekacheka.

Ijumaa ya tatu baiskeli haikuteremka bondeni. Ilipita nyumba nne, ikajiegemeza kwenye baraza ya Hamdan.

Hamdan aliikuta pale anatoka kwenda kazini. Alirudi ndani, akatundika kofia.

"Funga mzigo wako, mwanangu," alimwambia Ruweida.

"Mbona mie sihisi kitu, baba?"

"Funga tu."

Ruweida alichungulia barazani, akaona, akenda kufunga: kanga mbili mpya, mbili za zamani, kitambaa cha mtoto, chupa ya mafuta. Asubuhi yote alipepeta mchele hana hata kiungulia. Adhana ya Ijumaa ilipoanza tu, aliweka ungo chini akashika ukuta.

Sasa, Ijumaa saa ile hakuna gari inayotembea, Konde wala kwengine. Madereva wako msikitini, makonda wako msikitini, na waliobaki nje wanajificha wasionekane. Hamdan alipiga simu tatu zikalia bure. Bi Time alikuwa keshafika, anakung'uta mto wa keria.

Ruweida alipandishwa, akakaa upande, akashika vyuma. Hamdan alishika usukani, akainua mguu apande. Pedeli zikarudi nyuma nusu mzunguko, taratibu, zikamkwepa. Akajaribu tena, zikamkwepa tena.

"Mwache," alisema Bi Time. "Si weye uliyesema akanyage mwenyewe? Utamuelemea."

Basi Hamdan alichukua baiskeli ya mteja iliyolala kwake, yenye frii nzima, akafuata nyuma. Bi Time alibaki mlangoni akiwasomea.

Bondeni baiskeli ilisimama kwenye kituo cha afya. Hamdan alitaka kuisukuma, akakumbuka, akangoja. Alikuwepo mtu mmoja juu ya ngazi, anapaka ukuta rangi, kwa kuwa mwezi unaofuata kituo kilikuwa kinazinduliwa tena.

"Una ufunguo?" aliuliza Hamdan.

"Sina. Mie nimepewa rangi tu."

"Nani anao?"

Yule mpaka rangi alifikiri kwa moyo safi, maana alimwona Ruweida anavyohema.

"Kila ninayemuuliza ananambia mwengine," alisema. "Sogeza kidogo keria, bibi, usije ukachafuka."

Baiskeli ilingoja kiasi cha pumzi kumi. Kengele yake ililia mara mbili mbele ya mlango. Kisha ikaondoka, ikaukamata mlima wa pili.

Njia ya Wete ina milima ambayo vijana hushuka kwenye baiskeli wakaisukuma. Hamdan aliisukuma ya mteja kwenye mitatu, anakimbia. Mbele yake kanga ya mwanawe ilikwenda sawasawa, haikupunguza, kulia kwa nguvu, kushoto kwa kugusa. Ruweida alikuwa akisoma dua alizozijua, na alipomaliza alizozijua alimzungumza Ashraf vibaya, kisha akarudi kwenye dua. Kila penye shimo gurudumu lililikwepa. Penye kokoto lilikwenda polepole, ukadhani limebeba mayai.

Ilikuwa kwenye mteremko mrefu ndipo Hamdan alipoliona kosa lake. Yeye aliacha kukanyaga, frii ikalia tiki-tiki-tiki, upepo ukampiga kifuani, miguu ikapumua. Ndiyo raha ya mteremko, ndiyo sababu mtu anakubali kupanda. Akatazama mbele. Pedeli za Ngwali zilikuwa zinazunguka mbio, haziachi, zinalizuia gurudumu lisiende kasi, mlima wote mpaka chini, na zikifika chini zinaanza kupanda. Frii ilikuwa mfukoni mwa Hamdan. Alimnyang'anya mzee pumziko lake la pekee, akaita ufundi. Aliona uchungu mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Walifika Wete watu wanatoka msikitini. Muuguzi alimpokea Ruweida getini, akaitazama baiskeli, akauliza kwa kalamu mkononi, "Nani kamleta?"

"Ngwali," alisema Hamdan.

"Yule mzee wa Mdalasinini? Nilisikia kafa."

"Kafa."

Muuguzi aliandika Ngwali, kwa sababu ndilo jina alilozoea kuliandika pahala pale.

Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri, mzima, ana sauti. Alikuwa wa kike, akaitwa Safaa. Hamdan alimpokea na kumuadhinia sikioni, sauti ikamkatika katikati, akaanza upya. Alipotoka nje kuishukuru baiskeli hakuikuta. Mlinzi alimwambia imeondoka zamani, polepole, kama mtu aliyechoka.

Siku ya saba, baada ya akika, Bi Time alimwita Hamdan pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia.

"Keshalipa," alisema. "Mrudishie frii yake, mwanangu. Apumzike. Mie nitazoea."

"Wataka kweli?"

"Sitaki. Lakini nampenda."

Hamdan aliifanya kazi palepale barazani kwa Bi Time, hakuipeleka Konde. Aliipasha pete moto mpaka gundi ikayeyuka, akaitoa giya, akaifunga frii aliyoisafisha meno yote kwa mswaki. Alilizungusha gurudumu, likalia tiki-tiki-tiki mpaka likatulia lenyewe. Walikaa wawili kulisikiliza.

Asubuhi yake watu walitoka msikitini, na baiskeli haikuondoka. Siku ya pili haikuondoka. Bi Time alimwaga maji barazani kwa mazoea, akakaa na chai yake kando ya gurudumu, akaliegemea kidogo.

Mwezi uliofuata kituo kilizinduliwa mara ya pili. Utepe ulikuwa mpya, ukuta mweupe, hotuba ndefu kuliko ya kwanza. Mgeni wa heshima alikuwa mwengine, na alitaja kwa huzuni mzee mmoja shujaa wa kijiji ambaye sasa, alisema, anaweza kupumzika kwa amani. Watu walipiga makofi. Jioni mlango ulitiwa kufuli, na kufuli nalo lilikuwa jipya.

Kesho yake Hamdan alikuwa barazani kwa Bi Time, kapeleka muhogo, alipofika Nahla, mke wa Bakari mchuma karafuu. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Aliamkia, akaketi kwenye mkeka, akavuta ushungi.

"Sikutaka kusema, Bi Time," alisema. "Mnajua kaburini hatukuweko. Lakini mie pia aliniahidi."

Nje mlangoni walikuwa wamesimama wanawake wengine wawili, viatu mkononi, wanangoja zamu yao ya kusema. Mmoja alikuwa bado hana hata mimba. Aliahidiwa siku ya harusi.

Bi Time alimtazama Hamdan. Hamdan aliwatazama wale wanawake, akahesabu miezi, hakuweza kujizuia. Kisha alitandika gunia sakafuni, akaipindua baiskeli juu chini, akaomba mafuta ya taa.

Frii ilitoka kwa urahisi safari hii, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameikanyagia. Giya ya meno kumi na nane ikarudi, na pete yake, na gundi. Alfajiri iliyofuata, watu wakitoka msikitini, baiskeli iliteremka mlima kimya, ikaenda kuegemea mlango wa buluu, ikangoja kiasi cha kikombe cha chai, ikapanda ikarudi.

Frii ya Ngwali iko Konde, kibandani kwa Hamdan, imetundikwa msumarini juu ya jiliwa. Wateja huiulizia, naye huwaambia ina mwenyewe. Kila Ijumaa kabla hajafunga kwenda kuswali, huiteremsha, huitia tone la mafuta, huizungusha kwa kidole ailie mara mbili tatu, isije ikashika kutu kabla ya siku yake.